Udongo wa Shamba Lako Unakwenda Wapi?

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, nenda mtoni ukatazame maji. Utayakuta mekundu, mazito kama uji wa mtama. Watu husema, "Mto umejaa." Ni kweli umejaa. Lakini yale si maji matupu. Ule wekundu ni udongo, na udongo ule jana ulikuwa shambani kwa mtu. Pengine ulikuwa kwako.

Haya, tufanye hesabu kidogo, maana sote tumepita kisomo na hesabu tunaijua. Eka moja ina mita za mraba 4,000 na kidogo zaidi. Mvua ikichukua udongo wa unene wa milimita 1 tu katika eka hiyo, itakuwa imebeba debe 200 za udongo. Milimita 1 ni nyembamba kama ukucha. Huwezi kuiona kwa macho kwamba imeondoka. Mtu akija usiku kubeba debe 200 za udongo shambani kwako, utapiga yowe kijiji kizima kiamke. Mvua inabeba mchana, sisi tumekaa barazani tunaitazama.

Tena udongo unaotangulia kwenda ni ule wa juu. Ule mweusi, laini, wenye mbolea ya majani yaliyooza na samadi. Ndio unaolisha mimea. Chini yake kuna udongo mwekundu au mweupe, mgumu, ambao mahindi hayaupendi. Ukiona mahindi ya upande wa chini wa shamba ni marefu na ya kijani, na yale ya upande wa juu ni mafupi na ya manjano, usimshuku jirani kwa uchawi. Mbolea yako imehama, imeteremkia huko chini. Mwaka mwingine itahama tena, itoke kabisa shambani.

MVUA INAVYOUBEBA UDONGO

Tazama ukuta wa nyumba ya udongo baada ya mvua. Chini, karibu na ardhi, utaona matope yameruka na kushika ukuta, pengine mpaka usawa wa magoti. Nani aliyarusha? Ni matone ya mvua. Tone moja ni dogo, lakini linatoka mbali juu na linapiga kwa nguvu. Likipiga ardhi iliyo wazi huvunja mabonge ya udongo yakawa vumbi. Vumbi hilo linaziba vitundu vidogo vya ardhi. Vitundu vikizibwa, maji hayazami tena. Hapo yanaanza kutembea.

Maji yakitembea polepole hayana madhara makubwa. Yakikutana na wenzake kwenye mteremko yanapata mbio. Yakipata mbio yanapata nguvu ya kubeba. Kwanza yanachora vifereji vidogo kama kidole. Mwaka wa pili vifereji vinakuwa kama mkono. Msipoangalia, baada ya miaka michache mna korongo, na ng'ombe akitumbukia humo hatoki.

Kwa hiyo kazi ni mbili. Kwanza, ardhi isikae uchi, tone la mvua likute majani na si udongo. Hii ndiyo maana Bwana Shamba anatuambia tusichome mabua baada ya kuvuna, bali tuyatandaze. Kunde, maboga na viazi vitamu vinavyotambaa kati ya mahindi navyo vinafanya kazi hiyo hiyo, na bibi zetu walijua jambo hili kabla ya Bwana Shamba kuzaliwa. Pili, maji yanayotembea yasimamishwe yapate nafasi ya kuzama. Hapa sasa tunafika kwenye makinga maji.

USIPIME KWA MACHO

Nami niliwahi kuchimba makinga maji. Nilikuwa na haraka, mvua zilikuwa zimekaribia, nikasema ya nini kumsubiri mtu wa kupima? Macho ninayo. Nikakinga mteremko kwa macho yangu, mitaro mitatu mizuri, imenyooka kama barabara. Wapita njia wakasifu.

Mvua ya tatu ndiyo iliyonionyesha. Kumbe mitaro yangu ilinyooka kwa macho, lakini kwa maji haikuwa sawa. Kila mtaro ulikuwa na mahali palipo chini kuliko pengine. Maji yote yakakimbilia hapo, yakajaa, yakavunja tuta, yakaangukia mtaro wa pili, nao ukavunjika, kisha wa tatu. Yalipofika kwa jirani yangu wa chini yalikuwa maji ya eka nzima yamekusanyika mahali pamoja. Yakachimba shimo katikati ya mahindi yake, na mahindi yenyewe yalikuwa yamefika magotini.

Alinipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mzee wa heshima, hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, zamani maji yako yalikuwa yanakuja kwangu yametawanyika, nayamudu. Sasa umeyafunga mzigo mmoja ukanitwisha mimi." Nililipa. Tena nilichimba upya.

Basi tupime. Kipimo chenyewe hakinunuliwi dukani. Tafuta fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 2 hivi, zilingane urefu. Zifunge pamoja juu, uzitanue chini kama miguu ya mtu aliyesimama. Fungia fito ya tatu katikati kukatisha, ifanane na herufi A kubwa ile uliyojifunza siku ya kwanza ya kisomo. Kisha funga kamba pale juu kabisa, na mwisho wa kamba funga jiwe. Kamba iteremke ipite fito ya kati.

Sasa kabla ya kwenda shambani lazima kipimo kijulishwe usawa. Watu wengi huruka hatua hii, ndiyo maana makinga maji yao yanavunjika. Simamisha kipimo mahali popote. Weka alama ardhini kwenye kila mguu. Jiwe likitulia, tia alama kwenye fito ya kati pale kamba inapogusa. Halafu geuza kipimo: mguu wa kulia uende kwenye alama ya kushoto, na wa kushoto uende ya kulia. Jiwe likitulia, tia alama ya pili kwenye fito. Katikati ya alama hizo mbili chora alama ya tatu, nzito, kwa kisu au mkaa. Hiyo ndiyo alama ya usawa. Kamba ikikaa hapo, ujue miguu yote miwili iko sawa.

Nenda shambani siku isiyo na upepo. Anza ukingoni, piga kigingi, weka mguu mmoja wa kipimo hapo. Mguu wa pili usogeze juu au chini mpaka kamba ikae kwenye alama. Piga kigingi kwenye mguu wa pili. Zungusha kipimo, endelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba. Ukimaliza, rudi utazame. Utashangaa, mstari umepinda-pinda kama nyoka! Usiunyooshe. Maji hayajali mstari ulionyooka. Rekebisha tu vigingi viwili vitatu vilivyoruka sana, ili jembe lipite vizuri.

Kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni umbali gani? Inategemea mteremko. Ukiwa mkali, mistari ikaribiane. Kwenye vilima watu wengi hutumia kimo cha mtu: simama chini, elekea mlimani, tazama mbele moja kwa moja bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Pale macho yanapogusa ardhi ndipo mstari mwingine. Lakini hiki ni kianzio tu. Udongo wa kichanga na ule wa mfinyanzi si sawa, na hapo mtaalamu ana neno la kusema.

FANYA JUU

Namna moja ya makinga maji imesambaa sana, na jina lake ni la Kiswahili chetu: fanya juu. Wenzetu Wakamba wa Machakos, Kenya, ndio walioifanya ikajulikana, na leo hata wataalamu wa Ulaya wanaandika "fanya juu" katika vitabu vyao bila kutafsiri.

Unachimba mtaro kufuata vigingi, upana sentimita 60, kina sentimita 60. Udongo unaochimba unautupa upande wa juu wa mtaro. Acha nafasi ya shubiri moja hivi kati ya mtaro na tuta, udongo usirudi ndani. Juu ya tuta panda majani: matete, guatemala, au majani yoyote ya malisho yanayoshika ardhi kwao.

Mtu atauliza, kwa nini nijichoshe kutupa udongo juu wakati kuutupa chini ni rahisi? Swali zuri. Ukiutupa juu, tuta linakuwa kama ukuta. Udongo unaoteremka kutoka juu unakutana na ukuta huo na kukaa nyuma yake. Mwaka hadi mwaka sehemu hiyo inajaa, na baada ya miaka kadhaa mteremko wako umegeuka ngazi, kila ngazi ni tambarare. Mvua yenyewe imekufanyia kazi ya kusawazisha. Ukiutupa chini, umepata mtaro wa kupitisha maji, lakini ngazi itachelewa sana au haitapatikana. Ipo kazi ya mtaro wa namna hiyo, hasa kule juu kabisa ya shamba kuzuia maji ya barabarani au ya uwanja wa nyumba yasiingie. Tusichanganye tu kazi zake.

Mita 1 ya mtaro wa vipimo hivyo inashika maji debe 18. Mtaro wa mita 70 unashika mapipa 125 hivi. Mvua ya milimita 20 katika eka moja ni mapipa 400. Kwa hiyo mtaro mmoja hautoshi eka nzima, lakini mitatu, pamoja na ardhi iliyofunikwa, maji yote yanaweza kulala shambani mwako. Penye mvua chache tunaziba ncha za mtaro ili maji yakae. Penye mvua nyingi mtaro hupewa mwelekeo kidogo sana, na maji yakatolewa mahali palipoota nyasi nzito, si kwenye njia ya ng'ombe wala kwa jirani.

Ni kazi nzito, nisidanganye. Udongo usipokuwa mgumu, mtu mmoja huchimba kama mita 5 kwa siku. Mtaro wa mita 70 ni wiki mbili za mgongo. Mkiwa watu 15 ni siku moja. Ndiyo maana Wakamba walikuwa na vikundi vyao vya mwethya, wengi wao wanawake, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Upareni na Tanga tunaita msaragambo. Jina lolote mnalotumia kwenu, bila kikundi kazi hii haiendi.

KULAZIMISHWA NA KUSAIDIWA

Wako wazee ambao ukiwatajia makinga maji hukunja uso. Wana sababu.

Wakati wa mkoloni kazi hii ilikuwa ya amri. Huko Uluguru, Morogoro, kuanzia mwaka 1950 watu walilazimishwa kuchonga ngazi milimani. Ngazi zile zilichongwa hivi kwamba udongo mzuri ulifunikwa, ule mbaya wa chini ukaja juu. Mazao hayakuota vizuri. Mtu ametoka jasho, amevuna kidogo kuliko mwanzo, na akikataa anatozwa faini. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, pakatokea ghasia, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mpango wote ukavunjika.

Machakos nako, mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilisema ardhi imeharibika kwa sababu ng'ombe ni wengi mno, ikaanza kuwachukua ng'ombe na kuwauza kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakakaa huko kwa wiki kadhaa kumtaka Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kama mfungwa. Lakini serikali ilirudi nyuma. Ajabu ni hii: Machakos ile ile, ambayo wataalamu wa miaka ya 1930 waliandika kwamba inakwisha, baadaye ilijaa ngazi kila kilima. Watu waliongezeka kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi zaidi ya milioni moja na robo mwaka 1989, na mmomonyoko ukapungua. Walichimba walipoona faida: soko la kahawa, la matunda na mboga, na shamba ambalo mtu anajua ni lake. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Sweden, ilitoa wapimaji, zana na mafunzo. Wachimbaji walikuwa wenyewe.

Hapa Tanzania tunayo habari ya Kondoa. Vilima vya Warangi, kule Haubi na Kolo, vilikuwa vimechanika makorongo, ardhi nyekundu tupu. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu wanaujua kwa jina la HADO. Kwanza yaliletwa matrekta makubwa kutengeneza matuta. Halafu mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, wote. Makumi ya maelfu ya wanyama.

Je, ilisaidia? Ndiyo. Nyasi zilirudi, miti ikachipua yenyewe, makorongo mengi yakaanza kupona, na kwenye mchanga uliokuwa umemwagika mabondeni watu wakalima. Je, iliumiza? Ndiyo pia. Nyumba iliyokuwa na maziwa ya watoto ikakosa maziwa. Iliyokuwa na samadi ikakosa samadi. Iliyolima kwa ng'ombe ikarudi kwenye jembe la mkono. Wengi walipeleka mifugo kwa ndugu zao nje ya eneo, na huko nako malisho yakabanwa. Ni miaka 10 baadaye, mwaka 1989, ndipo watu walipoanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini, wakiletewa majani. Mimi kwa maoni yangu, laiti zizi na majani vingetangulia, amri isingekuwa chungu hivyo.

Shinyanga walipita njia nyingine. Huko miti ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza kufukuza mbung'o, halafu kwa ajili ya pamba. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, wataalamu hawakuleta kitu kigeni. Walikuta Wasukuma wana ngitiri: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza, nyasi zikue, ng'ombe wazile kiangazi. Mradi ukasaidia kitu hicho hicho kikue. Sheria zilitungwa na wananchi katika dagashida, yaani mkutano wao wa jadi, na sungusungu wakazisimamia. Ng'ombe wako akiingia ngitiri ya watu, unalipa, uwe nani. Kutoka kama hekta 600 zilizojulikana mwaka 1986, ngitiri zilifika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Si kila kitu kilikuwa asali. Katika ngitiri ya wote, mwenye ng'ombe mia moja anakula zaidi kuliko mwenye mbuzi wawili, na jambo hilo bado linaleta maneno.

NANI ATATUSAIDIA?

Msaada upo karibu kuliko tunavyodhani, ila lazima uombwe. Wa kwanza ni Bwana Shamba au Bibi Shamba, Afisa Ugani kama anavyoitwa siku hizi. Kupima makinga maji, kuchagua majani ya kupanda, kuonyesha kwa mfano, hiyo ni kazi anayolipwa mshahara. Si hisani. Kweli, mara nyingi mmoja ana vijiji kadhaa na usafiri ni shida. Mtu mmoja akimwita kwa shamba moja, pengine atachelewa. Kikundi cha watu 15 kikimwita kwa barua, yenye tarehe na nakala kwa Mtendaji wa Kijiji, ni jambo jingine. Barua yenyewe si lazima iwe ndefu:

"Kwa Afisa Ugani, Kata ya ............ Sisi wakulima 15 wa kitongoji cha ............ tunataka kuchimba makinga maji kabla ya mvua. Fito za kupimia tumetengeneza. Tunaomba uje utuonyeshe kupima na utuambie majani yanayofaa hapa kwetu. Siku zetu za kazi ni Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mashamba yetu yamefuatana kwenye mteremko mmoja. Wako, ............, Katibu wa kikundi. Nakala: Afisa Mtendaji wa Kijiji."

Angalia maneno "yamefuatana kwenye mteremko mmoja". Maji hayajui mpaka wa shamba. Ukichimba wewe peke yako katikati, maji ya wa juu yatakuvunjia, na yako yatamvunjia wa chini, kama nilivyomfanyia yule mzee. Kenya waliligundua hili, na mwaka 1988 waliacha kupima shamba moja moja, wakaanza kupima mteremko mzima pamoja na kamati ya wenyeji. Pimeni kuanzia juu kabisa kuteremka.

Wa pili ni Serikali ya Kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kijiji kiwe na kamati ya mazingira. Uliza kwenye mkutano mkuu: wajumbe wetu ni nani? Wamekutana lini? Sheria hiyo hiyo inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Kijiji pia kinaweza kutunga sheria ndogo zake, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, zikakubaliwa na Halmashauri ya Wilaya. Mfano: marufuku kulima kwa kuteremka na mteremko, au kuchunga kwenye makinga maji mapya. Ila zitungwe na watu wenyewe mkutanoni. Mmesikia ya Matombo.

Mabonde yenye watumiaji wengi wa maji huweza kuunda jumuiya ya watumia maji chini ya sheria ya mwaka 2009. Na mradi wa TASAF umewahi kulipa ujira wa muda kwa kaya maskini kwa kazi kama hizi, basi ulizeni kijijini kama upo na kama kazi ya makinga maji inaweza kuingizwa.

SHAMBA LA KUKODI, SHAMBA LA FAMILIA

Kuna neno ambalo watu hawalisemi mkutanoni, wanalisema njiani. Mkodishaji wa shamba anasema, "Nichimbe mtaro wiki mbili, mwakani mwenye shamba amwone limependeza, amkodishe mwingine?" Ana haki ya kuogopa. Naye mwenye shamba anaogopa: mtu akipanda miti na kuchimba mitaro, kesho atadai shamba ni lake.

Dawa ni kuandika. Karatasi moja, nakala mbili: fulani amemkodisha fulani shamba kwa miaka mitano, mkodishaji atachimba makinga maji mitatu mwaka wa kwanza, kwa kazi hiyo mwaka huo halipi kodi, mitaro na majani vitabaki mali ya shamba, na shamba ni la mwenyewe. Tarehe, sahihi, mashahidi wawili, mhuri wa kijiji. Zamani tungeweka dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Sasa kila mtu na asome mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Ndani ya nyumba nako kuna jambo. Wachimbaji wengi ni akina mama, lakini shamba huandikwa jina la baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila iwe na majina ya mume na mke pamoja. Mama aliyemaliza mita 70 za mtaro kwa mikono yake, mume akifariki asije akafukuzwa na shemeji aliyekuja juzi. Wababa, mnaponung'unika kusoma hapa, jiulizeni tuta lile nani alilichimba.

WAKATI WA KAZI

Pimeni kiangazi, wakati mabua yameshavunwa na mteremko unaonekana wazi. Chimbeni mapema, udongo bado una unyevu kidogo wa mvua zilizokwisha. Majani ya kushika tuta yapandwe mvua za kwanza tu, siku ile ile kama inawezekana, kwa sababu tuta lisilo na majani halimalizi msimu. Yakikua yakateni mara kwa mara, mpeni ng'ombe au mbuzi zizini. Mkiyaacha, matete hayana adabu, yatanyonya chakula cha mahindi ya mstari wa karibu.

Na ile mvua kubwa ya kwanza ikikatika, usikae ndani ukingoje matope yakauke. Chukua jembe, tembea juu ya kila tuta toka mwanzo hadi mwisho. Utaona mahali maji yalipokaribia kumwagika, au panya wametoboa, au ng'ombe amekanyaga. Paziba pale pale. Kisha teremka mpaka kwa jirani yako wa chini, umuulize maji yamemfikaje.